Mkalimani wa Ledi

Maisha ya Ledi nimeyataipu mara tatu, kwa hivyo asije mtu hapa akaniambia ati anamjua kunishinda. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa themanini na tano. Mara ya pili ni pale alipobadilisha mawazo juu ya baba yake, akataka sura nne za mwanzo zirudiwe zote. Mara ya tatu panya wa nyumba yake ya Kibomet walikula Uhabeshi nzima, kurasa sitini na mbili, na Ledi akasema labda Mungu hakupendezwa na sura hiyo. Panya hawana habari na sura. Panya walitaka karatasi ya kulalia watoto wao. Lakini nani angemwambia? Nilikaa chini nikataipu tena.

Jina lake kamili lilikuwa Lady Beatrix Wolverstone, binti wa lodi wa Uingereza, ila Kitale nzima ilimwita Ledi kana kwamba ndilo jina alilobatizwa nalo. Alizaliwa katika nyumba ya vyumba sitini, na kitabu chake kilianza kwa kulalamika kwamba hakuna hata kimoja kilichokuwa na joto. Sisi kwetu tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili, na joto tulikuwa nalo mpaka la kugawia majirani. Alipofika miaka ishirini na mitatu aliondoka katikati ya harusi ya dada yake, na gauni la usimamizi bado mwilini, akapanda meli kwenda Yerusalemu. Hakurudi kukaa kwao tena. Aliishi na watawa jangwani Misri, akapanda milima ya Uhabeshi juu ya nyumbu akitafuta makanisa yaliyochongwa mwambani, akalala kwenye mahema, kwenye jela mbili, na siku moja ndani ya kaburi tupu. Akaandika vitabu saba, vyote juu ya maombi. Sikatai, alikuwa na kipaji. Wasomaji walimwandikia kutoka Kanada na Australia, barua za kutoa machozi, na mimi ndiye niliyezijibu. Lakini kipaji na akili ya kawaida ni vitu viwili, na hicho cha pili alizaliwa bila.

Mimi ni Jentrix Nanyama, sekretari wa kusomea, maneno hamsini kwa dakika. Ledi aliponiajiri alikuwa na miaka sitini na minane, anakaa peke yake Kibomet katika nyumba iliyoachwa na mlowezi mmoja wa zamani. Kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa lodi sasa, alimwandikia kila Krismasi kumwomba arudi kwao angalau azeeke na watu wake, na kila Krismasi Ledi alinipa jibu la mstari mmoja la kutaipu. Nilidhani kazi yangu ni kutaipu. Kumbe ni kutaipu, kumtafutia miwani, kumkumbusha kula, kumweleza polisi kwamba huyu mama hakukusudia kitu, na kuwa mkalimani wake kila anapokwenda, kwa sababu miaka yote hiyo Kiswahili chake hakikuvuka "jambo" na "maji moto." Siku moja aliniacha katikati ya sentensi akaenda kuvaa viatu, nami nikangoja na vidole juu ya mashine. Saa nane mchana nikaambiwa ameonekana barabara ya Suam, anatembea. Ati amesikia kuna katekista upande wa Uganda anayeongea na malaika. Suam kutoka Kitale si hapa na pale. Nilimkuta jioni mpakani, amekaa juu ya gunia la mahindi la wafanyabiashara, miguu imejaa malengelenge, anaandika, na akaniuliza kwa nini nimekawia.

Mwaka wa themanini na nane akasoma mahali kwamba Bungoma imejaa Wakristo wa kanisa la Marafiki. Marafiki wa kwao Uingereza, akanieleza, wanaabudu kwa kukaa kimya. Hakuna mhubiri, hakuna wimbo, watu wanakaa tu na kungoja Roho. Alisema ametafuta kimya cha namna hiyo tangu Misri. Nikamwambia mimi nimelelewa na Marafiki tangu shule ya Jumapili, na hao wa kwetu hawanyamazi. Alitabasamu tu, lile tabasamu la mtu aliyesoma. Nikasema sawa, twende ukajionee.

Mama yangu anaitwa Edah, lakini kwa Kibukusu tunamwita Mayi, yaani mama. Alikuwa akikaa na ndugu yangu Festus nyumbani kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lugulu. Mayi ndiye aliyekuwa sauti ya kanisa letu. Sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu. Akianzisha wimbo kanisani, wanawake waliokuwa bado mtoni walijua ibada imeanza. Kukiwa na msiba walimwita yeye kwanza, hata kabla ya kumwita fundi wa jeneza. Lakini mwaka huo alikuwa na goita shingoni, uvimbe wa ukubwa wa ndimu, na ni mimi niliyemburuta hadi hospitali ya misheni baada ya kumbembeleza tangu Krismasi. Daktari Kemboi, yule wa upasuaji, alikuwa akija huko mara moja kila miezi mitatu. Akampima, akampa tarehe kumi na mbili Julai, halafu akaniita kando. Akasema uvimbe ukitolewa sasa ni kazi ndogo, lakini ukiachwa ukue utabana koo na kuzunguka neva ya sauti, na hapo yeye haahidi kitu. Mayi alikubali. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa amekubali, na leso ya kwenda nayo wodini alikuwa ameshaiweka kando.

Ndipo nikampelekea Ledi. Mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Alikaa kwetu siku tatu mwezi wa Juni, akimhoji Mayi kutwa huku nikitafsiri. Mayi akamsimulia kwamba amezaa watoto saba bila kumwona daktari, na kwamba malaria ameishinda kwa maombi na majani machungu. Alisimulia jinsi mtu mzima yeyote anavyosimulia mbele ya mgeni, akiacha yale ya mwaka huu na kuchukua yale yanayopendeza. Ledi aliandika hadi wino ukaisha. Na ule uvimbe aliuona, haki ya nani aliuona, kwa sababu nilipokuja kuitaipu sura hiyo nilikuta ameuita "msalaba mdogo anaoubeba shingoni." Hakuuliza kama kuna mpango wa hospitali. Nami sikumwambia. Nilikuwa nimechoka, nimeongea kwa niaba ya watu wawili tangu asubuhi.

Jumapili tukaenda kanisani. Ledi akakaa benchi la mbele, akafumba macho, akaweka mikono mapajani, akangoja kimya. Kwaya ya kina mama ikaimba. Kwaya ya vijana ikaimba, na ngoma mbili na kayamba. Yakaja matangazo: ng'ombe aliyepotea, mkutano wa kina mama na nani ataleta kuni, sufuria ya kanisa ambayo kuna mtu humu ndani anajua iliko. Baada ya saa mbili Ledi akaniinamia, akaniuliza kimya kinaanza saa ngapi. Nikamwambia kilikuwa jana.

Halafu pasta Wabwile akamwita mbele, kwa maana kwetu mgeni hawezi kutoka kanisani bila kusalimia watu. Sasa lazima nikueleze jambo kuhusu mkalimani wa kanisa huku kwetu. Mhubiri akisema Mungu ni mwema, na mkalimani akasema Mungu ni mwema basi, watu watauliza kama amelala njaa. Mkalimani anatakiwa kuwaka. Mhubiri akiinua kidole, yeye ainue mkono mzima. Mimi nilianza kazi hiyo nikiwa darasa la saba, na nilikuwa hodari. Walinitoa kanisa hili wakanipeleka lile, na mara nyingine watu walimsahau mhubiri wakanikumbuka mimi.

Ledi alisema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba amekaa na Edah siku tatu, kwamba Edah anasema hajawahi kutibiwa na daktari maishani mwake, na kwamba imani yake imemfundisha mambo mengi. Basi. Nikawageukia watu. Nikasema mzungu huyu ametoka katika nyumba ya vyumba sitini, amezunguka dunia akitafuta imani, na ameipata wapi? Kwa Edah. Wakasema Amina. Nikasema mkono wa daktari haujamgusa Edah, na mbele yenu na mbele za Mungu hautamgusa mpaka siku atakapoitwa juu. Vigelegele vikapigwa. Kina mama wakamwinua Mayi kwenye benchi, wakamzunguka, wakaimba. Nilirudi kukaa jasho likinitoka, nikijisikia nimefanya kazi ya Bwana.

Tarehe kumi na moja Julai nikafika nyumbani kumchukua Mayi kumpeleka hospitali. Nikamkuta anapukuchua mahindi. Hajaoga, hajafunga kitu. Nikamuuliza mbona hajajiandaa, akasema haendi.

"Imeshasemwa mbele ya kanisa," akasema. "Sasa nikalale wodini, watu waje kuniona na macho gani?"

Nikabembeleza. Nikapiga kelele. Nikamwita pasta Wabwile, ambaye alikuna kichwa, akasema ushuhuda ni ushuhuda, labda tuliombee jambo hili. Nikamwita Festus, akasema yeye haingii mambo ya Mayi na kanisa lake. Ningewapiga makofi wote wawili. Mayi aliendelea na mahindi yake, na kila nikimkazania alirudia yale yale, kwamba neno limeshatoka, na kwamba hatamfanya mtu mwongo mbele ya watu. Mtu gani? Sikuuliza. Nilijua ni Ledi, nani mwingine? Tarehe kumi na mbili ikapita na Daktari Kemboi akaenda zake, nami nikarudi Kitale nimefura.

Nilimkuta Ledi mezani, anakunywa chai. Na hapo ndipo nilipotaka kupasuka, kwa sababu kando ya kikombe vilikuwa vidonge vyake vya moyo, viwili vyeupe na kimoja cha njano, vya kila asubuhi. Ni mimi niliyemtaipia barua za daktari wake wa Nairobi. Ni mimi niliyemkumbusha kumeza. Na katika kurasa mia tatu za maisha yake hakuna kidonge hata kimoja. Nikamweleza yote: mama yangu amekataa kupasuliwa kwa sababu ya salamu zako na kitabu chako, kwa hivyo funga safari ukamwambie aende hospitali. Alisikiliza vizuri, macho yakamlowa. Halafu akasema ni jambo zito na takatifu, na yeye ni nani hata aingie kati ya nafsi ya mtu na Mungu wake. Akaniomba nimletee kalamu.

Kalamu. Mama yangu anabanwa koo, yeye anataka kalamu.

Nikamwomba basi aiondoe sura ya Mayi kitabuni. Akasema ndiyo sura bora kuliko zote na imeshafika London. Nikamwomba amwandikie Mayi barua, mistari miwili tu, nitaisoma mwenyewe. Akasema ataliombea. Na aliliombea kweli, simzulii, nilimsikia kupitia mlangoni akimtaja Mayi kwa jina, asubuhi na jioni. Hilo ndilo lililonichosha zaidi kuhusu Ledi. Angekuwa mtu mbaya ningemwacha siku hiyo hiyo nikatafute kazi mjini.

Agosti ikaenda, Septemba ikaenda. Kila mwisho wa wiki nilikuwa nyumbani, na kila nikifika ile ndimu ilikuwa imekua, mpaka ikawa chungwa. Mayi sasa alikuwa akilala ameketi, mgongo ukutani, na akivuta pumzi unasikia kitu kikikwaruza ndani. Bado aliimba, lakini katikati ya ubeti alisimama kukohoa, na wanawake wengine wakammalizia. Kila Jumapili mtu alimshika mkono na kumwambia dada usirudi nyuma, imani yako inatutia nguvu. Walimaanisha mema. Nilitamani kuwatoa nje mmoja mmoja. Daktari Kemboi angerudi tarehe kumi na nane Oktoba, na baada ya hapo hadi mwaka mpya. Mimi si daktari, lakini ile shingo haikuwa ya kuona mwaka mpya.

Wiki ya kwanza ya Oktoba nikagoma. Nilitoa utepe kwenye mashine ya taipu, nikautia mkobani, nikakaa na mikono kifuani. Ledi alikuwa na sura ya mwisho ya kutuma London, na mwandiko wake hakuna mtu mwingine duniani anayeusoma. Akaniambia nina hasira. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia hasira inaweza kuwa mwanzo wa maombi. Nikamwambia yangu ni mwisho. Siku ya kwanza alijaribu kuandika vizuri mwenyewe, ya pili akazungukazunguka bustanini, ya tatu akaja jikoni kofia ikiwa kichwani, akasema gari liko tayari. Sijui ni nini kilimgeuza. Labda ni utepe. Labda aliniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aniajiri.

Tulifika kwetu Ijumaa mchana. Mayi alikuwa nje kitini, ameegemea ukuta. Ledi alipouona ule uvimbe alisimama ghafla, na safari hii hakuuita msalaba. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Mayi, akatoa vidonge mkobani. Akamwambia anameza vitatu kila asubuhi, kwamba bila hivyo angekuwa amekufa miaka sita iliyopita, na kwamba hakuviandika popote kwa sababu alitaka wasomaji wamwone alivyotamani kuwa. Nikatafsiri kavu kavu, neno kwa neno. Nilikuwa na hasira nyingi mno za kupamba.

Mayi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kuja. Halafu akavuta ile pumzi ya kukwaruza, akaniangalia mimi.

"Muulize," akasema. "Ile siku kanisani. Mkono wa daktari haujanigusa, na hautanigusa. Muulize kama hilo la pili lilikuwa lake."

Palepale nikajua. Ledi ananiangalia, Mayi ananiangalia, na kati yao hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Ningeweza kumuuliza Ledi kama amechoka na safari. Ningeweza kumwambia Mayi ndiyo, anasema ni lake na anaomba msamaha, na kesho tungekuwa njiani kwenda hospitali, na hakuna mtu angejua mpaka leo. Nililifikiria hilo, na nililifikiria kwa muda ambao si mfupi. Halafu nikamuuliza alichotaka aulizwe. Ledi akakunja uso. Akasema hapana, hakusema hivyo, angewezaje kusema hivyo na yeye hajui ya kesho?

Nikamgeukia Mayi. "Anasema halikuwa lake," nikasema. "Lilikuwa langu."

"Nilijua," akasema Mayi. "Kiingereza sijui, lakini maneno yake yalikuwa mafupi."

Nikamuuliza, na hapo nilikuwa napiga kelele mbele ya mgeni, kama alijua, kwa nini alikaa miezi mitatu akisongwa na pumzi. Alinijibu polepole, kwa vipande, akipumzika katikati. Alisema neno la mzungu angelivunja siku ile ile. Mgeni akikosea tunamsamehe, anaenda zake. "Lakini wewe ni mtoto wangu," akasema. "Ulisimama ukaapa kwa jina langu. Ningeenda hospitali, watu wangesema binti ya Edah anadanganya madhabahuni, na hakuna kanisa lingekuita tena. Na vile ulivyokuwa unapenda kusimama pale."

Miezi mitatu nilikuwa nimemkasirikia pasta, nimemkasirikia Festus, nimemnunia Ledi hata wakati wa chai, na mwanamke huyu anakaa hapa anakabwa koo ili mimi niendelee kupigiwa Amina. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa mabega. Ledi alikuwa akinivuta mkono akiuliza anasema nini, anasema nini. Nikamwambia angoje. Mayi akasema kama nataka aende, nikaliondoe neno hilo mwenyewe, mahali pale pale nilipoliweka.

Jumapili nikasimama. Hapakuwa na mhubiri wa kutafsiri. Nikasema mwezi wa sita nilitamka maneno ambayo mgeni hakuyatamka, kwamba Mayi hakuapa kitu chochote, na kwamba nilipokuwa nikiyasema, kadi yake ya hospitali ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Hakuna aliyesema Amina. Mama mmoja nyuma akaguna. Pasta Wabwile aliangalia viatu vyake. Ile sauti yangu ya kuwaka niliitafuta nikaikosa, kwa hivyo nikamaliza kwa maneno machache na kwenda kukaa benchi la mwisho. Mayi akainuka, akajifunga leso kiunoni, akamwambia Festus aende akaandae vitu.

Daktari Kemboi alipouona uvimbe ule aliniuliza tulikuwa wapi tangu Julai. Nikamwambia kanisani. Hakuliona la kuchekesha. Upasuaji ulichukua saa tano, na alipotoka alisema mama ataishi na atapumua vizuri, lakini uvimbe ulikuwa umeshaizunguka neva, kama alivyotuonya, na sauti haitarudi. Kweli haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, ambao lazima uweke sikio mdomoni mwake ndipo uusikie.

Kitabu cha Ledi kilitoka London mwaka wa tisini. Sura ya Mayi imo, nzuri ajabu, na vidonge havimo. Nilipomuuliza, alisema aliviweka lakini wachapishaji waliona vinaharibu mtiririko. Nilikaa siku mbili bila kumsemesha, kisha nikarudisha vidole kwenye mashine, maana alikuwa amezeeka na bado hakuna mwingine aliyeusoma mwandiko wake. Alikufa Kibomet mwaka wa tisini na nne, kitini, ameandika nusu ya sentensi. Nimeisoma mara nyingi na siwezi kukuambia ilikuwa inaenda wapi. Miaka yote hiyo, watu wa Kitale wakiniuliza mama yangu alipatwa na nini, niliwaambia ni yule mzungu. Lilikuwa jibu rahisi, na Ledi hakuwa mtu wa kukana.

Kanisani kwetu hawakuhitaji kuuliza. Januari ya themanini na tisa, Mayi alipopata nguvu, akataka kutoa ushuhuda, kwa kuwa kwetu aliyepona lazima asimame ashukuru. Tangu Oktoba nilikuwa nikikaa nyuma kabisa, na hakuna aliyeniomba kutafsiri hata tangazo. Akaniita mbele kwa mkono. Nikaenda. Akanishika bega, akaniinamisha, akaninong'oneza kwamba anamshukuru Mungu, na daktari, na Festus aliyempikia uji. Nikayasema hivyo hivyo, kwa mpangilio ule ule. Watu wakangoja. Walizoea kwamba nikisimama pale kuna kinachofuata. Nikanyamaza.

Akanivuta tena, akaninong'oneza la mwisho. Nikamwangalia nione kama anatania. Akanisukuma kidogo, niseme.

"Anasema sauti yake imekwisha," nikasema. "Anasema amebakiwa na yangu, na hiyo bado haiamini."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakadhani nimeanza tena kuwaka. Mayi hakucheka. Alikuwa ameukaza mkono begani mwangu, ananisikiliza aone kama nimeongeza kitu.